Miezi ya Zohali haiuzwi: ufafanuzi kwa waliolipia vyeti vya majina

Tangu Machi 2025, Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulipotambua miezi mipya 128 ya Zohali na kuifikisha jumla yake 274, dawati letu limekuwa likipokea malalamiko ya wananchi waliolipia "haki" ya kuupa mmojawapo jina la mtoto au la mzazi aliyefariki. Bila kumtuhumu mfanyabiashara yeyote, tunaeleza kwamba vyeti hivyo havitambuliwi na Umoja huo, na ndio pekee wenye kuidhinisha majina ya miezi.

Cheti kimoja tulicholetewa kina utepe mwekundu, muhuri wa rangi ya dhahabu na, chini kabisa, alama S/2020 S 1. Alama ni ya kweli, na hapo ndipo wengi wanaponaswa. S ya kwanza ni setilaiti, 2020 ni mwaka wa picha zilizouonyesha, S ya pili ni Zohali kwa jina lake la Kilatini, Saturnus, na 1 ni nafasi yake katika orodha ya mwaka huo. Hilo ni jina la muda, wala si nafasi wazi inayomngoja mnunuzi.

Jina la kudumu lina utaratibu wake. Mwezi mdogo wa aina hiyo, ambao upana wake ni kilomita chache tu, hufuatiliwa kwa darubini kubwa kwa miaka kadhaa hadi njia yake ithibitike. Kisha hupewa namba ya Kirumi, na ndipo wagunduzi hualikwa kupendekeza jina, ambalo hupelekwa kwenye kamati ya majina. Miezi ya mbali ya Zohali huchukua majina ya majitu ya ngano za Skandinavia, za Wagalia na za Wainuiti, na ile ya Uranus huchukua wahusika wa Shakespeare na wa Alexander Pope. Pendekezo lililo nje ya kundi lake halipiti, hata liwe na maana kubwa kiasi gani kwa familia.

Mwaka 2019 wagunduzi wa miezi mitano ya Mshtarii, ukiwemo uliokuja kuitwa Pandia, waliwaomba watu wote wapendekeze majina. Hakuna aliyetozwa hata senti.

Cheti kingine, ambacho sitaficha kwamba kilinichosha, kiliuza jina la "mwezi wa pili wa Dunia". Dunia haina mwezi wa pili. Jiwe linalotajwa humo, 2025 PN7, linalizunguka Jua kwa mwendo unaokaribiana na wetu, na tumeshalijibu swali hili mara nyingi mno.

Aliyekwisha kulipa atunze risiti na nakala ya tangazo lililomvutia, kisha aandike kwa muuzaji kabla ya kufika kwa wanaoshughulikia haki za walaji. Ofisi hii haina mamlaka ya kurejesha fedha, na haipokei vyeti kwa ajili ya kuvigonga muhuri.