Kuomba bila kukoma si kumchosha Mungu

Kwenye vikundi vya wanafunzi Wakristo hapa Unguja nasikia sana kauli hii: tukikesha vya kutosha, Mungu atachoka, atatupa tunachotaka. Wanaiegemeza kwenye Luka 18, mjane aliyemsumbua kadhi mpaka akapata haki yake. Lakini Yesu anamwita kadhi yule dhalimu! Hamfananishi na Mungu, anamtofautisha. Ikiwa dhalimu alisikia, sembuse Baba?

Basi kwa nini turudierudie? Naamini ni kwa sababu anayebadilika kwanza ni mwombaji mwenyewe. Mwaka 1806 wanafunzi watano wa Williams College, Marekani, walijibanza kwenye lundo la nyasi kavu mvua ya radi ikinyesha, wakaombea mataifa. Wamishenari wa kwanza waliotokana na vuguvugu lile walipanda meli 1812. Miaka sita, na baadhi ya waombaji wakawa wachapakazi wa jambo walilokuwa wakiliomba.

Hapa kwetu pia. Mmishenari David Livingstone alizungumza Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, 1857. Misheni iliyozaliwa vyuoni kutokana na hotuba ile ikaenda bara, ikazika watu wake kwa homa, ikahamia Unguja 1864. Mwaka 1873 soko la watumwa likafungwa, na pale Mkunazini, soko lilipokuwa, kanisa likaanza kujengwa.

Binti mmoja hosteli yetu aliandika jina la mwenzake wa chumbani kwenye daftari, akaliombea kila alfajiri. Mwenzake alipougua, yeye ndiye aliyeamka kumkorogea uji, na hakumhubiria hata neno.