Gita Likilazwa Mapajani: Yanayosemwa na Yalivyo

Katika kwaya na bendi za Mwanza, kuanzia Igoma mpaka Kirumba, kijana akililaza gita mapajani na kuanza kulipiga kwa juu, haichukui muda kabla mtu hajamwambia, "Mdogo wangu, shika gita vizuri." Anayesema hivyo huwa na nia njema. Lakini nyuma ya maneno hayo kuna dhana kadhaa zisizo za kweli, na vijana wenye vipaji wameacha gita kwa sababu yake. Mimi nafundisha gita, na jambo hili linaniuma, ndiyo maana nataka tuzitazame dhana hizo moja baada ya nyingine.

"Huyo hajafundishwa kushika gita"

Tuanzie huku huku ziwani. Wahaya wa Kagera wana nanga, ala iliyochongwa kutoka kwenye gogo na kuchimbwa kifuani, nyuzi zikavutwa juu yake kutoka ncha hadi ncha. Mpigaji hukaa, akailaza mapajani, akaipiga kwa mikono miwili huku akiimba habari za wafalme na mashujaa. Ukerewe nako nanga ni ala ya tangu enzi za mababu. Kwa hiyo mtu wa kanda hii anayeshangaa kuona nyuzi zimelala mapajani anashangaa jambo ambalo wazee wake walilizoea kabla gita halijafika hapa.

Na gita lenyewe je? Joseph Kekuku, kijana wa Hawaii aliyezaliwa mwaka 1874, ndiye anayetajwa zaidi kuwa mwanzilishi wa kupiga gita kwa kuteleza kipande cha chuma juu ya nyuzi, gita likiwa limelala. Alianza akiwa bado mwanafunzi, karibu mwaka 1889, na mwaka 1904 akaenda Marekani bara kuupeleka muziki huo kwenye majukwaa. Wamarekani waliupenda mno. Waliupenda kiasi kwamba gita la kwanza la umeme kuuzwa kwa mafanikio, lile la Rickenbacker lililoingia sokoni mwaka 1932, lilitengenezwa kwa ajili ya kulazwa mapajani. Lilikuwa na mwili mdogo wa mviringo na shingo ndefu, hata likapewa jina la kikaango. Mpiga solo wa leo anayefunga mkanda begani na kuchomeka waya kwenye spika anatumia chombo ambacho safari yake ya umeme ilianzia mapajani.

"Hilo ni gita la Hawaii, siyo gita la kawaida"

Hapa ndipo watu wengi wanapochanganya, na ni hapa ninapotaka tukae kidogo. Kulaza gita siyo mtindo mmoja. Swali la kuuliza ni hili: mkono wa kushoto unaufanyia nini uzi?

Namna ya kwanza ni ya chuma. Mkono wa kushoto unashika kipande cha chuma laini na kizito, unakiweka juu ya nyuzi bila kuzikandamiza, kisha unakitelezesha. Uzi haugusi kabisa freti, yaani vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo ya gita. Chuma ndicho kinachokata urefu wa uzi, kwa hiyo lazima kikae sawasawa juu ya mstari wa freti yenyewe, siyo nyuma yake kama tunavyoweka kidole. Kikirudi nyuma kidogo tu, sauti inashuka na kila mtu kanisani anasikia. Kidole cha pete na cha mwisho huburuzwa nyuma ya chuma, vikigusa nyuzi kidogo ili zisivume ovyo.

Namna ya pili ni ya vidole vitupu. Gita ni lile lile la dukani, nyuzi zimetuniwa kama kawaida, E A D G B E (majina ya sauti za nyuzi sita, kuanzia uzi mnene), ila mkono wa kushoto unatoka juu ya shingo badala ya kupita chini yake. Vidole vinakandamiza nyuzi kwenye freti zile zile na sauti zinazotoka ni zile zile. Ukifumba macho huwezi kujua gita limekaaje.

Kuna pia wanaogonga nyuzi kwa vidole vya mikono yote miwili. Erik Mongrain wa Kanada amejulikana kwa kazi hiyo, gita la mbao likiwa limelala mapajani.

Kumwambia anayepiga kwa vidole kwamba "hiyo ni ya Hawaii" ni kumkosea, na kumwambia anayetumia chuma kwamba "hujui kubana nyuzi" ni kumkosea vile vile. Kila mmoja ana kazi yake tofauti.

"Ni mbinu ya wasioona"

Dhana hii imetokana na mtu mmoja mkubwa. Jeff Healey, aliyezaliwa Toronto mwaka 1966, alipoteza macho kabla hajatimiza mwaka kwa saratani ya jicho inayowapata watoto wadogo. (Mzazi ukiona weupe unang'aa kwenye mboni ya mwanao, hasa kwenye picha iliyopigwa kwa mwanga mkali, usisubiri, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Ugonjwa huu hutibika ukiwahiwa.) Healey alianza gita akiwa na miaka mitatu, akalilaza mapajani, na hakubadilisha tena. Albamu yake ya kwanza, *See the Light*, ilitoka mwaka 1988, na mwaka uliofuata alionekana kwenye filamu ya *Road House* akipiga vile vile. Alifariki mwaka 2008 akiwa na miaka 41.

Kwa kuwa yeye ndiye aliyejulikana kuliko wote, watu wakahitimisha kwamba upofu ndio uliomlazimisha. Wasioona wengi duniani hupiga gita likiwa limesimama kifuani bila shida yoyote, kwa sababu gita hupigwa kwa kugusa na kusikiliza. Kekuku alikuwa anaona. Mongrain anaona. Healey alililaza gita kwa sababu mikono yake ya utotoni iliona ni rahisi hivyo, kisha akafanya kazi kwa miaka mingi mpaka likawa lake.

Ni kweli pia kwamba kulaza gita kumewafungulia mlango watu wenye miili tofauti. Tony Melendez, aliyezaliwa Nicaragua bila mikono, huliweka gita sakafuni na kulipiga kwa miguu. Mwaka 1987 alimpigia Papa Yohane Paulo wa Pili mjini Los Angeles, na Papa akashuka jukwaani kwenda kumbusu. Ni Papa huyo huyo ambaye wazee wa Mwanza wanakumbuka alivyotutembelea mwaka 1990. Mlango huo ni mpana, na haujaandikwa juu yake kwamba ni wa wenye ulemavu peke yao.

"Ukililaza, nyuzi zinageuka"

Hapana. Chukua gita ulilolishika kifuani, liangushe taratibu mpaka mgongo wake ulale juu ya mapaja. Uzi mnene uliokuwa juu sasa uko karibu na tumbo lako, na uzi mwembamba uko upande wa magoti. Mpangilio haujabadilika. Mkono wa kulia nao unaendelea kama ulivyozoea.

Kinachogeuka ni vidole vya kushoto. Mkono ukipita chini ya shingo, kidole cha shahada ndicho kiko upande wa kichwa cha gita. Ukitoka juu, kidole cha mwisho ndicho kinachoelekea kichwani na gumba linaelekea kwenye tumbo la gita. Ndiyo maana mtu aliyepiga gita la kawaida kwa miaka kumi hukwama siku za mwanzo: kichwa kinajua kodi ya C (kodi ni sauti kadhaa zinazopigwa pamoja) iko wapi, vidole vinaenda kinyume. Lakini mpiga kinanda hashangai hata kidogo, maana mkono wake wa kushoto umezoea kuweka kidole cha mwisho kwenye sauti nene na gumba kwenye sauti nyembamba. Nimewaona wapiga kinanda wa kwaya wakiizoea namna hii haraka kuliko wapiga gita.

"Huwezi kupiga solo hivyo"

Msikilize Healey, kisha tuendelee. Mkono ukitoka juu, gumba halina kazi ya kushikilia shingo kwa nyuma, kwa hiyo linakuwa kidole cha tano cha kubana nyuzi. Nguvu ya kubana inatoka kwenye uzito wa mkono mzima. Kuvuta uzi ili sauti ipande, jambo linaloumiza ncha za vidole vya wanaoanza, hufanywa kwa nguvu ya kiganja na gumba. Solo za Healey zina mivuto mirefu na mitetemo mipana ambayo wengi wanaoshika gita kifuani wanaitafuta bila kuipata.

Lakini nisiwadanganye wanaotaka kuanza. Kodi ya F ile ya kulaza kidole cha shahada juu ya nyuzi zote sita, kisha vingine vikabana mbele yake, haifanyiki hivyo mkono ukitoka juu, kwa sababu hivyo vidole vingine sasa viko nyuma yake. Unalazimika kutafuta mipangilio mingine, mara nyingi ya nyuzi tatu au nne. Katika bendi yenye besi na gita la ridhimu hilo halina hasara. Ukiwa peke yako kwenye ibada ya nyumbani, utalihisi pengo.

Chuma nacho kina mipaka yake. Ukituni gita D G D G B D, kuanzia uzi mnene, nyuzi zikiwa wazi tayari ni kodi ya G. Weka chuma juu ya freti ya tano upate C, ya saba upate D, ya 12 urudi G ya juu. Tenzi nyingi zinahitaji hizo tatu tu. Kodi yenye huzuni, ile ya maina, ndiyo ngumu, maana chuma kilichonyooka kinakupa meja tupu, ile kodi yenye furaha. Lazima uchague nyuzi mbili au tatu na kuziacha nyingine kimya.

"Gita lolote na chuma chochote vinatosha" na kinyume chake, "lazima uagize gita maalumu"

Zote mbili si kweli. Kwa vidole, gita lolote linafaa leo hii. Kwa chuma, gita la kawaida lina nyuzi zilizo chini mno. Chuma kitagonga freti na kukwaruza. Dawa ni kuinua nyuzi pale shingo inapokutana na kichwa. Kuna kipande kidogo cha chuma kinachovalishwa juu ya kile kinachobeba nyuzi hapo, na kinatoka bila kuliharibu gita. Ukikikosa, fundi wa mbao mwenye mkono mtulivu anaweza kukuchongea cha mfupa wa ng'ombe, na mifupa Kanda ya Ziwa haijawahi kuadimika. Kwa chuma chenyewe, soketi nzito na laini ya fundi gari, ile ya kufungulia nati, inatosha kujifunzia.

Tahadhari moja: usinakili utuni wa G B D G B D unaotumiwa na magita yaliyojengwa kwa kazi hii. Unapandisha uzi wa E mpaka G na wa A mpaka B, na shingo ya gita la kawaida inaweza kupinda kwa mvuto huo. Ule wa D G D G B D unalegeza nyuzi tatu na kuziacha nyingine zilivyo, hivyo hauna hatari hiyo.

Wengine husema pia kwamba mpigaji wa namna hii hawezi kusimama. Jerry Douglas wa Marekani hupiga kwa chuma amesimama, gita likiwa limening'inia kwa mkanda na uso wa gita ukitazama juu.

Mwalimu wa kwaya mwenye kijana wa aina hii, mpe kiti kisicho na mikono, kirefu kiasi cha kuyafanya mapaja yake yalale sawa, gita lisimteleze kwenda magotini. Kama ni gita la mbao, tundu lake linatazama dari, kwa hiyo maikrofoni inayowekwa mbele ya mpigaji haitasikia kitu cha maana. Iinue, iiname kutoka juu, mbali kidogo na mkono wa kulia.