Bidloki za kuchomelea gereji: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kwenye miamba ya Moab, Utah, na jangwa la Johnson Valley, California, madereva wa magari ya porini hupunguza upepo wa tairi hadi PSI 8 (paundi 8 kwa kila inchi ya mraba), wengine hata chini ya hapo, ili mpira ulale juu ya jiwe na kuling'ang'ania. Taabu ni kwamba tairi ya kawaida hushikwa kwenye rimu na upepo wenyewe. Ukipungua mno, mdomo wa tairi, yaani ule ukingo mnene wenye waya za chuma ndani, huchomoka gari likisukumwa ubavuni. Bidloki huubana mdomo wa nje kati ya pete mbili za chuma: moja imechomelewa kwenye rimu, ya pili inafungwa juu yake kwa bolti, aghalabu kati ya 16 na 32. Rimu za kiwandani ni ghali, kwa hiyo wengi hununua pete na kuchomelea wenyewe. Kazi hiyo inawezekana, na wapo wanaoifanya vizuri sana. Ila baadhi ya maneno yanayopokezanwa kuihusu yanaweza kuua mtu.

Linalonitia hofu kuliko yote ni hili: "Bolti unaweza kuzifungua tairi ikiwa na upepo kidogo, si PSI chache tu?" Hebu tupige hesabu. Tairi ya inchi 35 kwenye rimu ya inchi 15 ina ubavu wenye eneo la zaidi ya inchi 750 za mraba. PSI 10 peke yake zinausukuma ubavu huo kwa zaidi ya paundi 7,500, yaani zaidi ya tani tatu, na sehemu kubwa ya mzigo huo inaishia kwenye mdomo ulioshikwa na pete. Kila bolti unayoitoa inawaachia wenzake mzigo wake. Zilizobaki zikishindwa, pete inamrukia aliyeinama mbele yake. Chomoa sindano ya valvu kabisa, subiri mpaka mlio wa upepo uishe, kanyaga ubavu uone umelegea, ndipo ushike spana. Mafundi wa tairi za malori wanaijua hatari hii kwa sababu ya rimu zenye pete ya loki, yaani pete ya chuma inayoifungia tairi kwenye rimu. Marekani, kanuni za usalama kazini zinataka rimu za malori za vipande vingi zijazwe upepo ndani ya kizimba cha chuma. Gereji ya nyumbani haina kizimba, basi angalau tumia mpira mrefu wa upepo na usisimame mbele ya pete.

La pili linatoka kwa watu wanaojiona waangalifu: upepo ukishatolewa, wanasema, ufa mdogo kwenye rimu unaweza kuchomelewa tairi ikiwa bado imevaa. Hapana. Joto la kuchomelea huufanya mpira wa ndani utoe gesi zinazowaka, na gesi hizo zikikusanyika ndani ya tairi zinaweza kulipuka dakika kadhaa baadaye, hata baada ya moto kuzimwa. Kutoa upepo hakuondoi hatari hiyo. Tairi itolewe kwenye rimu, nukta. Bolti iliyoshika kutu nayo isipashwe moto na gesi tairi ikiwa mahali pake. Ikate kwa msumeno au itoboe.

Kisha kuna ile ya "kaza mpaka ikatae". Hapa ndipo pete nyingi nzuri zinapoharibika. Kinachobanwa ni mpira, na mpira huendelea kukubali hata baada ya chuma kuchoka. Kwa bolti za inchi 3/8 watengenezaji wengi hutaja nguvu ya karibu Nyuton-mita 20 hadi 30, ambayo ni ndogo sana ukilinganisha na ile ya nati za gurudumu. Ukizidisha, pete ya nje hupinda kama sahani, vichwa vya bolti hukaa upande, na siku moja utavikuta havipo. Mara nyingi kosa halimo kwenye mkono, limo kwenye kipimo. Unene wa mdomo hutofautiana kati ya tairi na tairi, hivyo pete iliyokaa sawasawa kwenye tairi za zamani inaweza kuacha mwanya mkubwa, au kutobana kabisa, kwenye tairi mpya. Pima unene kabla, na mwanya ukizidi uujaze kwa pete nyembamba ya kati. Kaza kwa spana yenye kipimo, bolti za kukabiliana, mizunguko kadhaa ya kidogo kidogo. Bunduki ya upepo ya kukazia nati iache ukutani. Baada ya safari ya kwanza pitia bolti zote tena, maana mpira utakuwa umelala na bolti zimelegea.

"Fundi yeyote wa mageti anaweza kuchomelea." Kuunganisha anaweza, kuzuia upepo usivuje na kuiacha pete ikizunguka bila kuyumba ni shughuli nyingine. Mshono kati ya pete na rimu ndio unaozuia upepo, kwa hiyo lazima uzunguke wote bila tundu, juu ya chuma kilichokwanguliwa rangi na kutu. Ukichomelea mzunguko mzima kwa mkupuo mmoja, rimu inajikunja. Wenye uzoefu hushika kwanza kwa vidoti pande zinazokabiliana, wanapima myumbo kwa saa ya kupimia huku rimu ikizunguka kwenye haba, yaani kitovu cha gurudumu, kisha huchomelea vipande vifupi kwa kuhamahama huku chuma kikipoa. Mwisho ni maji ya sabuni na kutafuta mapovu.

Rimu za aloi ya alumini si za kuchomelewa pete ya chuma. Metali hizo mbili haziungani kwa moto wa gereji. Skrubu zinazopitishwa kwenye rimu hadi mdomoni mwa tairi ni mbinu ya zamani ya mbio za mwendo wa moja kwa moja, ambako kazi yake ni kuzuia tairi isiteleze kwenye rimu. Usiitegemee kwenye jiwe linalosukuma ubavuni. Wala bidloki haizuii pancha, na kwa kuwa zilizo nyingi hubana mdomo wa nje tu, ule wa ndani bado unaweza kuchomoka.

Wengine husema wanataka rimu "iliyopitishwa na DOT". Idara ya Usafiri ya Marekani haipitishi rimu. Mtengenezaji ndiye anayethibitisha mwenyewe kwamba bidhaa yake inatimiza viwango. Rimu uliyoichomelea wewe mtengenezaji wake ni wewe, na dhamana ya barabarani ni yako.

Na wengi hawaihitaji bidloki kabisa. Anayevuka mchanga wa Wahiba huko Oman kwa PSI 15 hadi 18, bila kukata kona kwa kasi, kwa kawaida hutoka salama na rimu zilizokuja na gari.