Msongamano wa watu: maana yake, unavyokokotolewa na unapopotosha

Msongamano wa watu ni wastani wa idadi ya watu wanaoishi katika kila kilomita moja ya mraba ya eneo fulani. Hesabu yake ni ya mstari mmoja: chukua idadi ya watu, gawanya kwa ukubwa wa eneo. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaimaliza kwa dakika moja. Kazi iko kwenye kuisoma, na makosa mengi hutokea upande ambao watu hawautazami, yaani upande wa eneo. Idadi ya watu kila mtu huikagua mara mbili. Eneo hunakiliwa tu kutoka kitabuni bila kuulizwa swali.

Tuchukue Tanzania. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Eneo lote la nchi ni takribani kilomita za mraba 947,300. Gawanya, unapata watu 65 kwa kilomita ya mraba. Lakini ndani ya hizo 947,300 mna sehemu yetu ya Ziwa Victoria, Tanganyika na Nyasa pamoja na maziwa madogo na mabwawa, jumla takribani kilomita za mraba 61,500 za maji matupu. Hakuna kaya iliyojenga katikati ya Ziwa Tanganyika. Ukiyaondoa maji unabaki na nchi kavu ya takribani 885,800, na jibu linapanda hadi 69.7, yaani 70. Watu ni walewale, nchi ni ileile, mwaka ni uleule, na majibu ni mawili. Ndiyo maana wanafunzi wawili wanaweza kutumia vitabu viwili, wakapata 65 na 70, wakabishana darasa zima, na wote wakawa wamegawanya sawasawa. Kilichokosekana ni neno moja mbele ya jibu: "eneo lote" au "nchi kavu". Kwa msongamano, nchi kavu ndiyo inayofaa, na ndiyo inayotumiwa katika takwimu nyingi za kimataifa.

Jibu likishapatikana, lisiachwe likielea. Kilomita moja ya mraba ni hekta 100, au takribani ekari 247. Kwa anayependa mpira: kiwanja cha kawaida cha mita 105 kwa 68 kinaingia katika kilomita moja ya mraba mara 140. Sasa watu 70 wa Tanzania wapange humo: kila mmoja anapata viwanja viwili vizima peke yake. Mkoa wa Lindi, wenye watu 1,194,028 kwenye takribani kilomita za mraba 66,000, una msongamano wa 18, kwa hiyo kila mtu anapata viwanja karibu vinane. Dar es Salaam, yenye watu 5,383,728 kwenye kilomita za mraba 1,393, inafika 3,865: hapo kila kiwanja kinabeba watu 28 hivi, wachezaji wote 22 na wengine sita pembeni. Na hao hawachezi dakika tisini wakaondoka. Humo humo ndimo wanamolala, wanamopika, wanamopitisha barabara, wanamojenga shule na kuchimba vyoo.

Mfano huo wa viwanja una faida ya pili: unakamata makosa ya vipimo. Vitabu vingine, hasa vya zamani na vya Marekani, hutoa msongamano kwa maili ya mraba. Maili moja ya mraba ni kilomita za mraba 2.59, kwa hiyo 70 za Tanzania zinageuka kuwa 181 bila mtu mmoja kuzaliwa. Ukikuta namba iliyo karibu mara mbili na nusu ya uliyotarajia, shuku maili kabla ya kushuku sensa, kisha gawanya kwa 2.59.

Kosa jingine linalorudi kila muhula ni kutafuta wastani wa wastani. Swali linasema: tafuta msongamano wa Dar es Salaam na Lindi kwa pamoja. Mwanafunzi anajumlisha 3,865 na 18, anagawanya kwa mbili, anaandika 1,942. Sahihi ni kujumlisha watu kwanza, 6,577,756, kisha kujumlisha maeneo, 67,393, ndipo agawanye. Jibu ni 98. Tofauti kati ya 98 na 1,942 si ya kukosea kidogo. Ni kama kusema nusu ya msitu wa Liwale, mkoani Lindi, umejengwa ghorofa. Sababu yake ni kwamba Lindi ina eneo kubwa kuliko Dar es Salaam karibu mara 47, na ule wastani wa haraka umeipa mikoa hiyo uzito sawa. Misongamano haijumlishwi. Rudi kwenye watu na maeneo kila mara.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo ndilo moyo wa dhana yenyewe: msongamano ni wastani, na wastani hufukia tofauti zilizomo ndani yake. Nairobi inaonyesha hili vizuri kuliko mji wowote ninaoufahamu kwa takwimu. Sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu jijini watu 4,397,073 kwenye kilomita za mraba 703.9, msongamano 6,247. Ukishuka hadi kaunti ndogo, picha inapasuka. Mathare ina watu 206,564 kwenye takribani kilomita tatu tu za mraba, karibu watu 69,000 kwa kilomita moja. Kwa hesabu yetu ya viwanja, hao ni watu zaidi ya 490 katika kila kiwanja kimoja cha mpira. Lang'ata, ndani ya jiji lilelile, ina 197,489 kwenye kilomita za mraba 216.8, yaani 911. Ile 6,247 haielezi maisha ya Mathare wala ya Lang'ata. Ni namba iliyosimama katikati ambako hakuna anayeishi.

Na ukiitazama Lang'ata kwa karibu zaidi, lile suala la eneo linarudi. Ndani ya mipaka yake imo Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, kilomita za mraba zipatazo 117, zaidi ya nusu ya eneo lote la kaunti ndogo hiyo. Humo wanaishi vifaru, simba na twiga. Ukiwagawia watu eneo la simba, bila shaka watu wataonekana wachache. Iondoe hifadhi, zinabaki kilomita za mraba kama 100, na msongamano unaruka kutoka 911 hadi karibu 2,000. Lindi nayo ina hali hiyohiyo, kwa kuwa sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere imo ndani ya mkoa huo. Mtu anayesema "Lindi kuna ardhi tupu, msongamano ni 18" anahesabu na ardhi ambayo sheria hairuhusu mtu kujenga wala kulima.

Hapo ndipo jiografia inapotofautisha aina mbili za msongamano. Ule wa kwanza, tuliokuwa nao mpaka sasa, unagawanya kwa ardhi yote na huitwa msongamano wa kawaida. Wa pili unagawanya kwa ardhi inayolimika peke yake, na huonyesha mzigo ulio juu ya kila kipande cha shamba. Misri ndiyo nchi ya kufundishia. Ina takribani kilomita za mraba milioni moja, na ilitangaza kufikia watu milioni 100 mwezi Februari 2020. Kwa msongamano wa kawaida ni watu 100 kwa kilomita ya mraba, namba tulivu kabisa. Lakini karibu asilimia 95 ya Wamisri wanaishi katika bonde na delta ya Mto Nile, kwenye takribani asilimia 5 ya nchi. Kwingine ni jangwa. Watu milioni 95 kwenye kilomita za mraba 50,000 ni 1,900 kwa kila moja. Anayepanga shule, maji na mashamba kwa kutumia ile 100 atakosea karibu mara ishirini.

Maneno mawili yasichanganywe. Msongamano ni namba: watu wangapi kwa kilomita ya mraba. Mtawanyiko ni mpangilio: wako wapi ndani ya eneo hilo, wamejazana mtoni, wamefuata barabara, wamezunguka mlima. Mkoa wa Kilimanjaro una msongamano wa karibu 140, lakini ramani ya vitone, ambayo kila kitone kinasimamia idadi fulani ya watu, inaonyesha watu wamebanana kwenye miteremko yenye mvua na udongo wa volkano, na chini kwenye nyika kavu wametawanyika. Swali la mtihani likiuliza mtawanyiko, usijibu kwa namba moja. Taja mahali, kisha sababu.

Msongamano mkubwa pia haumaanishi kwamba watu "wamezidi", ingawa wengi huandika hivyo kana kwamba neno moja linalizaa jingine. Rwanda, yenye watu 13,246,394 kwa sensa ya 2022, ina msongamano wa 503. Uholanzi nayo, ukigawanya kwa nchi kavu, inazidi 500. Namba zao karibu zinalingana, na mtu akipewa namba hizo peke yake hawezi kutambua ipi ni ipi. Kinachozitofautisha kiko nje ya hesabu hii: watu wangapi wanategemea jembe, chakula kiasi gani kinanunuliwa kutoka nje, kuna viwanda na bandari kiasi gani. Msongamano unasema nafasi imegawanywaje. Haujui kama watu wanakula.

Upande wa idadi ya watu tutaupitia haraka, kwa sababu sensa zenyewe hufanya kazi kubwa. La kukumbuka ni kwamba sensa za Tanzania na Kenya huhesabu mtu pale alipolala usiku wa sensa: Tanzania usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022, Kenya usiku wa kuamkia 25 Agosti 2019. Kwa hiyo namba zinaonyesha mji ukiwa umelala. Anayetoka Kiambu kila alfajiri kwenda kufanya kazi katikati ya Nairobi amehesabiwa Kiambu, na mtaa wa maofisi unaosongamana mchana unaweza kutoka na msongamano mdogo kwenye jedwali. Halafu kuna nchi ambazo idadi ya watu yenyewe ni makadirio. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilifanya sensa mwaka 1984. Namba za watu wake zinazosomwa leo zimekokotolewa kwa kukuza takwimu za zamani kwa viwango vya vizazi, vifo na uhamaji, ndiyo maana chanzo kimoja kinapishana na kingine kwa mamilioni. Msongamano wa Kongo uandikwe na neno "takribani" mbele yake.

Ukilinganisha miaka, eneo linarudi tena kukutega. Kwa nchi nzima mambo ni rahisi: mwaka 2012 Tanzania ilikuwa na watu 44,928,923, msongamano 51 kwa nchi kavu, mwaka 2022 ni 70. Ardhi haikuongezeka, watu waliongezeka kwa wastani wa asilimia 3.2 kwa mwaka, basi. Kwa mikoa, fungua ramani kwanza. Ripoti ya 2012 inaipa Mbeya watu 2,707,410. Ya 2022 inaipa 2,343,754. Mwanafunzi anayeandika kwamba watu wameikimbia Mbeya amedanganywa na mpaka: mwaka 2016 mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya, ukaondoka na watu wake pamoja na ardhi yake. Katavi nayo ilitokana na Rukwa mwaka 2012. Kabla ya kulinganisha, hakikisha mkoa wa ripoti ya kwanza ni uleule wa ripoti ya pili, au ujumlishe Mbeya na Songwe upate eneo la zamani.

Dunia nzima nayo ina msongamano wake, na hata huko kigawanyo ndicho kinachoamua. Umoja wa Mataifa uliitangaza tarehe 15 Novemba 2022 kuwa siku ambayo watu walifika bilioni 8. Nchi kavu ya dunia ni takribani kilomita za mraba milioni 149, na jibu ni 54. Lakini milioni 14 kati ya hizo ni Antaktika, bara la barafu lisilo na wakazi wa kudumu. Liondoe, upate 59.

Kwenye daftari, basi, jibu kamili la msongamano lina vitu vinne: namba iliyokadiriwa hadi namba nzima isiyo na desimali, kipimo chake (watu kwa kilomita ya mraba), mwaka wa sensa au makadirio, na aina ya eneo ulilogawanyia. "Tanzania, 2022: watu 70 kwa kilomita ya mraba ya nchi kavu." Usikadirie eneo mapema ukiwa na sehemu ndogo. Chukua mtaa wa watu 20,000 kwenye kilomita za mraba 0.46: ukiandika 0.5 unapata 40,000, na ukiacha 0.46 unapata 43,478. Kwa Lindi, kupunguza nusu kilomita hakumgusi mtu; kwa mtaa huo, sehemu ndogo ya desimali imefuta watu zaidi ya 3,000 kwenye kila kilomita ya mraba.