Kabla ya Kununua Betri Nyingine, Pima Waya wa Arthi

Magari mengi ya zamani yanayoletwa kwangu hapa Nakuru kwa sababu yanakataa kuwaka huja na betri mpya. Mwenye gari aliamka asubuhi, akapiga stata, gari likagoma. Jirani akamwambia ni betri, naye akatoa pesa aliyoiwekea karo. Wiki mbili baadaye yuko palepale, na duka halirudishi pesa. Jambo hili huniuma, kwa sababu mita ya umeme ya bei ya chini kabisa ingemwambia ukweli kwa dakika tano.

Anza na betri, ndiyo, lakini ipime. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri nzima husoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.4 imebaki kama robo tatu, 12.2 ni nusu, na 12.0 imekaribia kuisha. Ikiwa iko chini, ichaji kwanza, halafu uendelee. Kisha mtu apige stata huku wewe unatazama mita. Betri iliyojaa ikishuka chini ya 9.6, ama imechoka ndani, ama stata inakula kuliko inavyostahili. Wateja wanaotoka Kisumu nao wakumbuke kwamba joto ndilo linaloua betri mapema. Baridi ya Molo huja tu kuifichua ile iliyokwisha kuumwa.

Ni kutoka Molo alikoletwa mfano ninaopenda kuwaeleza vijana wangu. Mwalimu mmoja alikuja na Toyota Corolla AE100. Alfajiri stata ilikuwa inajivuta kwa shida, wakati mwingine haizunguki kabisa. Mchana gari likipata joto linawaka.

“Fundi, betri nimenunua juzi tu. Hata risiti ninayo.”

“Sawa, mwalimu. Tuipime pamoja, usimame hapa uone.”

Betri ilisoma 12.6. Tulipopiga stata ikashuka hadi 11.2 tu, na bado injini ilizunguka kwa uvivu. Hapo ndipo fundi anapopaswa kutulia. Betri inayobaki na volti nyingi hivyo wakati stata inahangaika haina kosa. Nguvu inapotelea njiani. Kwa hiyo nikaweka ncha moja ya mita kwenye nguzo ya hasi ya betri, yaani juu ya risasi yenyewe wala si kwenye kishikio chake, na ncha nyingine kwenye chuma kitupu cha injini. Mwalimu akapiga stata. Mita ikasoma volti 2.1.

Kipimo hicho kilitakiwa kuwa chini ya 0.2 au 0.3. Volti zaidi ya mbili zilikuwa zinapotea kwenye waya wa arthi, ule mweusi unaorudisha umeme kutoka kwenye injini hadi hasi ya betri, ambao hakuna aliyewahi kuutazama. Kwa nje ulikuwa mzima. Nilipoupasua mpira karibu na mwisho unaofungwa kwenye gia, shaba ilikuwa imegeuka unga wa kijani, na nyuzi chache tu ndizo zilizokuwa bado zimeshikana. Nikamwambia aguse waya wa ekseleta. Ulikuwa na joto. Umeme ukikosa njia yake ya kurudi hutafuta nyingine, na hapo ulikuwa unarudi kupitia waya wa ekseleta, ambao haukutengenezwa kwa kazi hiyo. Ndiyo maana ukiona waya wa ekseleta au wa klachi umeungua bila sababu, kagua arthi. Asubuhi ya baridi hali huwa mbaya zaidi kwa sababu oili ni nzito, stata inadai nguvu nyingi, na waya uliooza hauwezi kuipitisha. Tuliweka waya mpya mnene, tukakwangua rangi na kutu pale unapofungwa, na mita ikasoma 0.1. Betri yake ya zamani pengine haikuwa na shida yoyote.

Upande wa chanya hupimwa hivyohivyo, kutoka nguzo ya betri hadi kwenye nati nene ya stata. Hapo hadi 0.5 inavumilika.

Nyaya zikiwa nzima, sikiliza. Mlio wa haraka haraka, ta-ta-ta-ta, na taa zinafifia, ni nguvu ndogo: betri imeisha au terminali, yaani vishikio vya waya kwenye betri, zimelegea. Mlio mmoja mzito, halafu kimya, huku taa ziking'aa, mara nyingi ni stata. Kwenye Toyota za zamani huwa ni vile vipande viwili vya shaba vilivyolika ndani ya solenoidi, swichi nene ya stata. Vinauzwa peke yake kwa bei ndogo, kwa hiyo usikubali kuuziwa stata nzima ya mtumba kabla hiyo yako haijafunguliwa. Ukisikia kimya kitupu, rudi kwenye swichi, rilei na fyuzi. Kama ni gari la otomatiki, jaribu kuwasha gia ikiwa kwenye N.

Kuchaji ni habari nyingine. Injini ikinguruma, washa taa kubwa na feni ya ndani, pandisha mzunguko kidogo, upime kwenye betri. Kati ya 13.8 na 14.5, alternata, yaani mashine inayochaji betri injini ikizunguka, inafanya kazi. Ikipita 15, regulata inayodhibiti volti imekufa na betri itachemka maji hadi ikauke. Ikibaki chini ya 13, tazama mkanda kwanza, kisha brashi za kaboni. Kuna kitu kidogo ambacho wengi hukiruka: fungua swichi bila kuwasha injini, uangalie taa nyekundu ya betri kwenye dashibodi. Lazima iwake. Kwenye magari mengi ya zamani umeme unaoiamsha alternata hupitia balbu hiyo. Balbu ikiungua, alternata nzima inaweza kukaa bila kuchaji, na mtu akanunua nyingine bure.

Na tafadhali, acheni kuchomoa terminali ya betri injini ikiwa inazunguka eti kujua kama alternata ni nzima. Jaribio hilo ni la enzi za dainamo, mashine ya kuchaji iliyotangulia alternata. Betri ndiyo inayomeza mruko wa volti. Ukiiondoa, mruko huo unaishia kwenye dayodi (vipande ndani ya alternata vinavyopitisha umeme upande mmoja tu), regulata na kompyuta ya gari. Nimeletewa magari yaliyokuja na kosa la mkanda yakaondoka na alternata iliyoungua kwa sababu ya jaribio hilo, na anayelipa ni mwenye gari.

Ikiwa kila kitu kinapima vizuri lakini betri inaamka imekufa, kuna kinachoinyonya usiku. Zima kila kitu, funga milango, chomoa hasi, weka mita ya ampea kati ya nguzo ya hasi na waya wake, ungoje kidogo. Zaidi ya ampea 0.05 ni nyingi kwa gari la zamani. Chomoa fyuzi moja baada ya nyingine hadi namba ishuke. Mara nyingi ni alamu au redio iliyofungwa ovyo. Fyuzi zote zikiisha na namba haijashuka, toa hasi kabisa, fungua waya mnene wa alternata na uufunike usiguse chuma, kisha upime tena. Ikishuka hapo, dayodi imevuja, hata kama mchana alternata hiyo inachaji vizuri.