Eliya, mtakatifu asiye na kaburi

Ninapofundisha historia ya ibada kwa watakatifu, siku ya kwanza huanzia makaburini. Ndiko Kanisa la awali lilikoanzia: waumini walikusanyika penye kaburi la shahidi siku aliyofia, wakasali, na baadaye altare ikajengwa juu yake. Mifupa ikawa hazina ya kugombaniwa. Basi hakosekani mwanafunzi wa kuniuliza: na Eliya je?

Eliya Mtishbi, nabii wa Agano la Kale, hana kaburi wala tarehe ya kufa. Kitabu cha pili cha Wafalme kinasema alipaa katika upepo wa kisulisuli, baada ya gari la moto na farasi wa moto kumtenga na Elisha. Kilichobaki duniani ni vazi lake.

Wahubiri hupenda habari ya Karmeli, moto uliposhuka mbele ya manabii 450 wa Baali. Mimi hupenda sura inayofuata. Shujaa yule yule anamkimbia malkia Yezebeli, anaketi chini ya mretemu na kuomba afe. Malaika hamkemei. Anampa mkate na maji, anamwacha alale, kisha anamwamsha ale tena, maana safari ni ndefu. Ndipo anafika mlima Horebu na kuisikia ile “sauti ndogo, ya utulivu”.

Mifupa ilipokosekana, Wakristo walishika milima. Egeria, mwanamke aliyehiji miaka ya 380, alionyeshwa pango la Eliya huko Horebu. Ugiriki hadi leo imejaa vikanisa vyake juu ya vilima, na sikukuu yake ni Julai 20 (wanaofuata kalenda ya Juliasi huifikia Agosti 2). Kwa kuwa ndiye aliyefunga mbingu miaka mitatu na nusu, wakulima wa Urusi walimwona kuwa mwenye mvua na radi. Ibada yake huko ni kongwe kuliko ubatizo wa taifa: katika mkataba wa mwaka 945 na Bizanti, wapagani wa Kiev walimwapia Perun, mungu wa radi, na Wakristo wakala kiapo katika kanisa la Mtakatifu Eliya. Ubatizo wa Prince Vladimir ulikuja 988.

Lakini waliomshika kwa nguvu zaidi ni Wakarmeli, shirika la watawa wa Kikatoliki. Mwanzoni mwa karne ya 13, wakaapweke walioishi kando ya chemchemi ya Eliya mlimani Karmeli walipewa kanuni ya maisha na Alberto, Patriarki wa Yerusalemu. Wafransisko walikuwa na Fransisko, Wadominiko na Dominiko. Hawa hawakuwa na mwanzilishi wa kumtaja. Wakamtaja Eliya, na wakadai mnyororo usiokatika wa watawa waliofuatana tangu kwake hadi kwao.

Mjesuti Daniel Papebroch alipoukana mnyororo huo mwaka 1675, ulizuka ugomvi mkali. Mahakama ya uchunguzi wa imani ya Hispania ikalaani kazi yake mwaka 1695, na 1698 Papa Inosenti XII akaamuru pande zote zinyamaze. Kihistoria, Papebroch alikuwa sahihi. Sioni haja ya kuzungukazunguka hapo.

Hata hivyo, ukiingia Basilika la Mtakatifu Petro, Roma, utamkuta Eliya amesimama kwa marumaru kati ya waanzilishi wa mashirika ya kitawa. Wakarmeli walimweka mwaka 1727, na maandishi ya Kilatini chini yake yanamwita mwanzilishi wao.