Je, wajua kwa nini albamu nyingi huishia dakika arobaini?

Waulize wapenzi wa muziki, "Siku hizi unasikiliza albamu gani?" Majibu yatamiminika. Mmoja yuko na rumba ya Franco, mwingine karudi kwenye taarab ya zamani, kijana yuko na Bongo Fleva iliyotoka Ijumaa. Hakuna atakayekuuliza albamu ni kitu gani. Lakini hebu itazame: nyimbo nane, kumi, kumi na mbili, dakika 35 hadi 45, kuna wa kufungulia na wa kufungia. Nani alipanga hivyo? Si wanamuziki. Kipimo hicho kilitokana na upana wa mchirizi unaobeba sauti kwenye sahani ya plastiki, sahani ambayo wengi wetu hatujawahi hata kuigusa.

Tuanze na jina. Zamani mgeni akifika nyumbani aliletewa soda baridi na albamu ya picha, ajishughulishe nayo wakati wenyeji wanahangaika jikoni. Albamu ya muziki ni ndugu wa tumbo moja na ile. Neno lenyewe lina asili ya Kilatini na lilihusu kitu cheupe. Warumi walilitumia kwa ubao mweupe wa kuandikia matangazo ya serikali. Baadaye likawa jina la kitabu chenye kurasa tupu za kutunzia saini, stempu au picha. Mwanzoni mwa karne ya 20 likahamia kwa wauza santuri.

Santuri za wakati huo zilizunguka mara 78 kwa dakika. Zilitengenezwa kwa utomvu wa wadudu uliotoka India, nzito, na zikianguka zilivunjika kama kigae. Upande mmoja wa sahani ya inchi 10 ulibeba dakika 3 hivi, basi. Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, hicho ndicho chombo alichokikuta. Taarab, muziki ambao kwa asili hauna haraka na mtu, ikabidi ikunje miguu.

Kwa wimbo mmoja, hilo lilivumilika. Sasa simfoni ya Beethoven ya nusu saa na zaidi? Ilikatwa vipande, ikajaza sahani nne au tano, na msikilizaji akawa wa kuinuka kila baada ya dakika chache. Ili sahani zisitawanyike, zilitiwa kwenye mifuko ya karatasi iliyofungwa pamoja kama kurasa, ndani ya jalada gumu. Liweke rafuni, hulitofautishi na albamu ya picha. Jina likaganda hapo. Hata waimbaji wa kawaida waliuzwa hivyo: mwaka 1946 Frank Sinatra alitoa albamu ya sahani nne, nyimbo nane.

Juni 1948, kampuni ya Columbia iliwaita waandishi wa habari mjini New York kuwaonyesha sahani mpya ya inchi 12, iliyozunguka mara 33 na theluthi kwa dakika. Hii ndiyo LP, kifupi cha "long play", sahani ya kucheza muda mrefu. Ilikuwa ya vinili, plastiki laini inayokubali mchirizi mwembamba sana, kiasi kwamba kila upande ulibeba dakika 20 na ushee. Kitabu kizima kikaingia kwenye sahani moja. Kitabu chenyewe kikafa, jina likabaki.

Kwa nini dakika 20 na kitu, si 40 kila upande? Mjomba wangu ana LP chache anazozitunza kuliko vyombo vya kabatini. Siku moja nilimwomba moja, nikaiinamisha kwenye mwanga wa dirisha, kisha nikachukua rula. Mchirizi wa nje kabisa una kipenyo cha kama sentimita 29. Wa ndani, pale karibu na karatasi ya katikati, ni kama 12. Sahani huzunguka kwa mwendo uleule, sekunde 1.8 kila mzunguko, iwe sindano inayousoma mchirizi iko nje au ndani. Piga hesabu. Kule nje, sauti ya sekunde hizo imetandazwa kwenye sentimita 91 za mchirizi. Kule ndani, sauti ya muda uleule imebanwa kwenye 38. Ni kama kuandika barua kwa herufi za kawaida halafu karatasi ikakuishia, mistari ya mwisho ukaibana pembeni mpaka haisomeki vizuri. Ndiyo maana kadiri sindano inavyokaribia katikati, sauti nyembamba, kama za matoazi, hupoteza makali.

Halafu kuna besi. Besi nzito huchimba mchirizi unaoyumba kwa upana, na mchirizi unaoyumba unakula nafasi ya jirani yake. Ukitaka kupachika nusu saa upande mmoja, inawezekana, ila sauti yote uishushe na besi ikonde. Mafundi wa kukata sahani walijua wapi pa kusimama: kama dakika 22. Mara mbili yake, ukaipata albamu. Walijua pia kwamba wimbo mtulivu ndio unaovumilia kule katikati, ukawa mara nyingi unafungia upande. Wengi tulidhani ni ustadi wa msanii wa kutuaga kwa upole, kumbe sehemu ya siri ilikuwa kwenye rula.

Huku kwetu LP haikuwa mfalme. Muziki wa dansi ulienea zaidi kwa sahani ndogo za inchi 7, zinazozunguka mara 45, ambazo kampuni ya RCA Victor ilizianzisha mwaka 1949. Nyingi za ukanda wetu zilitoka Nairobi. Dakika nne au tano kila upande, na bendi za dansi hazikujua kuimba kwa dakika nne. Suluhisho likawa kuukata wimbo: sehemu ya kwanza huku, sehemu ya pili kule. Mara nyingi waimbaji walimaliza habari yao upande wa kwanza, na magitaa yakapamba moto upande wa pili. Mtangazaji wa redio asipogeuza sahani, umedhulumiwa utamu wote. Mbaraka Mwinshehe alikuwa mtu wa sahani hizi. Baada ya kufariki kwa ajali Januari 1979 ndipo nyimbo zake zikakusanywa kwenye mfululizo wa LP za Ukumbusho.

Kisha kanda. Philips waliileta mwaka 1963, na ikaja na vipimo vyake: ya dakika 60 au 90, nusu kila upande. Upande mmoja wa kanda ya 90 ulimeza LP nzima, bila shaka ndiyo sababu ilipendwa na wezi wa muziki, nami nikiwemo. Taarab ya kisasa ilijinafasi humo: nyimbo sita hivi, kila mmoja dakika kumi au zaidi, na hakuna aliyesema si albamu.

CD ya mwaka 1982 ilifungua dakika 74, na wasanii wengi wakaona ni dhambi kuacha nafasi tupu. Albamu za miaka ya 1990 zina mabaki mengi. Nasema hivyo huku nikizipenda.

Leo hakuna chombo kinachojaa. Kilichobaki ni kanuni za kuhesabu. Tangu 2016, chama cha kampuni za kurekodi cha Marekani, RIAA, huhesabu nyimbo za albamu kusikilizwa mara 1,500 mtandaoni kuwa sawa na albamu moja iliyouzwa, na Spotify, huduma ya kusikilizia muziki mtandaoni, huhesabu wimbo ukishapita sekunde 30. Wimbo mrefu haulipi zaidi ya mfupi, kwa hiyo albamu zimejaa nyimbo nyingi fupi. Majina nayo yamechanganyikana: Diamond Platnumz alitoa First of All mwaka 2022 yenye nyimbo kumi akaiita EP, yaani albamu fupi, wakati kanda ya taarab yenye sita ilikuwa albamu kamili.

Mpangilio, hata hivyo, bado una watetezi. Novemba 2021 mwimbaji wa Uingereza, Adele, aliwaomba Spotify waache kuchanganya nyimbo za albamu mtu anapobonyeza tu kitufe cha kucheza, nao wakakubali.

Mjomba hajui habari za Adele. Nikimwekea kwenye simu albamu aliyokuwa nayo kwenye LP, wimbo wa tano ukiisha na wa sita ukianza papo hapo, hunikazia macho: "We, mbona hujageuza?"